Mng'ao Ukutani kwa Mukarugwiza

Mng'ao ulianza kuingia nyumbani kwa Mukarugwiza mwezi wa tatu, katika zile asubuhi chache ambapo mawingu hupasuka kabla mvua haijarudi. Uliingia kwa mlango wa mbele, ukatua chini kabisa ya ukuta, karibu na jerikeni la maji, kisha ukaupanda kadiri jua lilivyopanda. Ulipita juu ya picha ya ubatizo ya mjukuu wake, ukafika kwenye mabati, ukatoweka. Ulikaa muda wa kunywa chai bila haraka. Ulikuwa na pembe nne, na ulikuwa mkali kiasi kwamba Mukarugwiza, mjane ambaye jicho lake moja lilikuwa limefanyiwa upasuaji, alilazimika kutundika kitenge mlangoni. Kitenge chenyewe kilikuwa kikuukuu, kimetobolewa na cheche za makaa, kwa hiyo nuru iliendelea kuingia kwa nyuzi nyembamba.

Alijua inakotoka. Nyumba yake iko juu kidogo ya mteremko, na mlango wake, ulio chini ya kivuli cha upenu, unatazama bonde na mashariki. Chini yake, baada ya shamba dogo la mihogo, lipo paa la jirani yake Honorine Mugwaneza. Paa hilo limeinama kuelekea kwa Mukarugwiza, na juu yake kulikuwa na paneli ya sola inayong'aa kama sinia la harusi.

Honorine aliona fahari juu ya mng'ao huo. Alizaliwa Bukavu, upande wa Kongo, kwa wazazi Wanyarwanda, akakulia huko, na alihamia hapa Rwimbogo, Rwanda, akiwa mtu mzima, alipokuja kumzika baba yake katika shamba la babu ambalo hakuwahi kuliona. Alibaki. Kinyarwanda chake bado kina lafudhi ya upande wa pili, na kisimani wanawake humwita Mukongomani, mara nyingi kwa mzaha. Yeye hujibu kwa mzaha pia. Lakini mtu aliyefika baadaye hujua kwamba mzaha unaweza kugeuka siku moja bila kubadilisha maneno.

Alichofanya ili akubalike kilikuwa ni kuku. Katika mteremko huo kuna desturi ya zamani: mwenye mayai asiye na kuku anayetaka kuatamia huyapeleka kwa jirani mwenye kuku wa namna hiyo, na vifaranga vikitoka wanagawana nusu kwa nusu. Hakuna fedha. Kila mwanamke huweka alama yake ya mkaa juu ya mayai yake, msalaba, duara au mistari miwili, na yai lisipoanguliwa hurudishwa kwa mwenyewe na alama yake, ili asidhani limeliwa. Honorine aliichukua desturi hiyo akaihamishia kwenye mashine. Seremala alimtengenezea sanduku la mbao lenye balbu za kutoa joto, feni ndogo na kidirisha cha kusomea kipimajoto. Watu hapa huliita kuvezi. Kuku mmoja hufunika mayai machache. Sanduku lake lilipokea ya mteremko mzima.

Hii ilikuwa mara ya kwanza kwa majirani kumletea. Walileta mayai ya kuku wao wa kienyeji, waliyoyaweka akiba badala ya kuwapa watoto, na mbele yao Honorine aliyapanga kwenye trei, alama zikitazama juu. Mukarugwiza alikuwa wa kwanza kuleta. Alama yake ilikuwa msalaba.

Sanduku lile linahitaji umeme mchana na usiku, na nyaya za umeme hazijafika upande huo wa mteremko. Ndiyo maana Honorine alinunua paneli na betri.

Alinunua Bukavu, akiwa na Micheline Nzigire, rafiki yake wa utotoni, mfanyabiashara anayevuka mpaka kwa daraja la Rusizi II karibu kila siku na nyanya na unga. Wawili hao walilelewa katika kichochoro kimoja, katika nyumba ambazo sufuria zilitundikwa ukutani matako yakitazama nje. Jumamosi wasichana wote walikaa uani wakizisugua kwa majivu na mchanga hadi mtu aone meno yake. Mgeni alipoingia aliangalia sufuria kabla ya kuangalia watu. Iliyofifia ilisema kwamba mama wa nyumba hiyo ni mvivu, au binti zake hawataolewa.

Kwa macho hayo waliingia dukani. Mwenye duka aliwaonyesha paneli mbili za ukubwa mmoja. Moja ilikuwa nyeusi yenye ubuluu wa mbali, bila mng'ao wowote. Nyingine ilikuwa ya kijivu cha fedha, na uso wake ulionyesha dari, taa na vichwa vya wateja.

"Hii nyeusi iliungua?" Micheline aliuliza.

"Haikuungua, maman. Njo rangi yake, vile ilitengenezwa."

"Njo rangi yake! Ata sufuria yangu ya ugali ikisahauliwa ku moto inasema vile vile."

Watu dukani walicheka. Mwenye duka alicheka pamoja nao na hakuendelea kuitetea ile nyeusi.

"Beba yenye inaangaza," Micheline alimwambia rafiki yake. "Muntu akiona uso wake mu kintu, anajua kintu ni kipya."

Honorine aliona uso wake. Aliinunua.

Tangu siku aliyoifunga paani, aliipangusa kila asubuhi kwa kitambaa chenye unyevu, akisimama juu ya ngazi. Na betri haikuwahi kujaa.

Mwanzoni hilo halikumtisha. Mvua za masika zilikuwa zimeanza, na milima ya upande wa Kongo ilikuwa inapotea kwenye ukungu tangu mchana. Alijiambia kwamba kila mwenye sola ana shida wakati huu. Lakini taa ndogo ya betri, ambayo ingetakiwa kubaki kijani hadi alfajiri, iligeuka nyekundu watu wakiwa bado wanaosha vyombo vya jioni. Ikishageuka nyekundu balbu za sanduku hufifia, na sindano ya kipimajoto huanza kushuka.

Alijifunza kuishi na sindano hiyo. Alichemsha maji, akayatia kwenye chupa za plastiki, akazifunga kwa vitambaa na kuzipanga kati ya trei. Joto lilipanda, kisha likashuka, naye akachemsha mengine. Kuni zilikuwa mbichi. Aliacha kulala kitandani, akalala kwenye mkeka kando ya sanduku, mkono wake mmoja ukiwa juu ya ubao, kama mama anayepima homa ya mtoto. Yai la kuku hustahimili baridi ya muda mfupi, kwa kuwa hata kuku mwenyewe huondoka kwenda kula. Baridi inayorudi kila siku hulimaliza. Honorine alilijua hilo, na alijua pia kwamba yai lililokufa halitofautiani kwa nje na lililo hai.

Alikuwa na njia ya kujua. Yai likiwekwa mbele ya nuru kali gizani, huonekana ndani: mishipa myekundu, kivuli cha kifaranga, mara nyingine kivuli kikijigeuza. Alijaribu kwa tochi ya simu yake, simu ya vitufe, na hakuona kitu zaidi ya wekundu hafifu wa ganda. Hakuazima tochi nzuri kwa mtu. Kuazima kungeleta swali.

Maswali yalikuja hata hivyo.

"Honorine, ile kuku yako ya mbao iko namna gani?" walimwuliza kisimani. "Inakula nini?"

"Inakula jua."

"Basi mwaka huu itakonda!"

Wakacheka, akacheka, akabeba maji yake. Njiani alitembea haraka kiasi kwamba maji yalimwagika mgongoni.

Katika siku hizo hizo Mukarugwiza alishuka kwa mara ya kwanza kulalamika. Alimkuta Honorine akipuliza moto.

"Muturanyi, jirani yangu, ile kioo yako inaniuwa macho."

"Haiko kioo, maman. Ni pano ya sola."

"Iite jina lolote. Mi naikuta mu nyumba yangu bila kubisha. Igeuze kidogo."

"Nikiigeuza itapoteza jua."

"Na mimi nikipoteza jicho?"

Honorine alikuwa hajalala vizuri kwa muda mrefu. Alisema jambo ambalo hakulipanga. "Kama ni wivu, maman, sema. Mayai yako iko mule ndani na za wengine."

Mukarugwiza alimtazama kwa jicho lake zima. "Wivu," alisema. "Mutoto wa juzi juzi ananifundisha wivu." Akapanda mteremko polepole, fimbo ikigonga mawe. Tangu hapo hakumsalimu tena.

Kisha ikaja siku ya wazi. Mawingu yaliondoka tangu asubuhi, anga likawa safi hadi jioni, nguo zikakauka kwenye kamba kabla ya adhuhuri. Honorine aliipangusa paneli mara mbili. Aliiona inavyowaka paani na kwa mara ya kwanza katika majuma kadhaa alikula hadi akashiba. Jioni hiyo taa ya betri iligeuka nyekundu watu wakiosha vyombo, kama siku zote.

Hapo ndipo hofu ilipobadilika. Mawingu yalikuwa sababu, na sababu hiyo ilikuwa imeondolewa. Kilichobaki ni kitu kilichovunjika asichokijua, katika nyumba yake mwenyewe, na mayai ya watu wengine juu yake. Alimpigia Damascène, fundi wa sola aliyesomea ufundi na anayefanya kazi hadi Bugarama.

Damascène alifika asubuhi iliyofuata kwa pikipiki ya kukodi, na mkoba wenye mita begani. Alikuwa na kazi nyingine ikimngoja, na aliifanya hii akiwa na haraka. Alipima nyaya. Alipima betri, akainama juu yake, akainuka na kusema ni betri iliyochoka.

"Ni mupya," Honorine alisema.

"Mupya wa wapi? Kuna mupya wa dukani na kuna mupya wa kweli. Acha leo jua liijaze, nitarudi tuone."

"Kurudi siku gani?"

"Wiki hii."

Honorine alikaa juu ya kigoda. Hakusema kwamba mayai hayawezi kungoja wiki. Alikuwa bado anatafuta namna ya kulisema bila kulia, ndipo sauti ilipotoka juu ya shamba la mihogo.

"Fundi! We, fundi! Kabla hujaenda, kuja uone vile hii kintu inanifanyia!"

Mukarugwiza alisimama mlangoni, ameshika kitenge chake kama mtu aliyemkamata mwizi. Damascène alipanda, zaidi kwa heshima kuliko kwa kazi. Honorine alimfuata kwa sababu aliogopa yatakayosemwa bila yeye.

Sebuleni, juu tu ya jerikeni, mstatili mweupe ulikuwa ukutani. Damascène aliutazama, akausogelea. Aliingiza kiganja chake ndani yake na akaona kivuli cha vidole vyake, cheusi kabisa. Aliuona ukipanda. Kisha akamgeukia Honorine.

"Shuka ufunike pano na blanketi."

Alishuka, akapanda ngazi, akafunika. Kutoka juu alisikia Mukarugwiza akipiga kelele, "Imezima!" Akafunua. "Imerudi!"

Alipofika tena, Damascène alikuwa amesimama kando ya ukuta, ameuinulia mkono kama anayemtambulisha mgeni. "Maman Honorine," alisema, "umeme yako iko hapa. Siku yote unaitafuta ku betri, na iko inakaa kwa jirani."

Honorine hakuelewa. Mukarugwiza alielewa upande mmoja tu, akasema, "Nilisema mimi! Nilisema iko hapa!"

Damascène aliwatoa nje. Mbele ya nyumba, Mukarugwiza alikuwa na paneli yake ndogo, ya taa mbili na redio, nyeusi, imeegemezwa kwenye tofali. Fundi aliiinua akaigeuza juani kila upande. Ukutani lilipita doa la kijivu hafifu, la kubahatisha, na hakuna zaidi. Kisha akaichukua mita na kushuka kuipima ile kubwa peke yake, waya zikiwa zimetolewa kwenye betri. Alipoiona namba alitikisa kichwa. Akaomba radhi kwa ajili ya betri. Haikuwa imechoka. Ilikuwa na njaa.

"Mvua ikipiga kwenye lami ya Bugarama," aliuliza, "maji yanaenda wapi?"

"Inakimbia ku mutaro," Honorine alisema.

"Na ikipiga mu shamba yako yenye matuta?"

"Inaingia."

"Basi."

Maelezo yaliyobaki si marefu. Sehemu ya paneli inayotengeneza umeme ni vipande vyembamba vya silikoni, kitu kinachotolewa katika mawe na mchanga. Silikoni ikilainishwa hufanya kama kioo: karibu theluthi ya nuru inayoipiga hurudi ilikotoka, na nuru iliyorudi haitengenezi umeme. Kwa hiyo viwanda vizuri huikwaruza kwa makusudi. Huchovya vipande hivyo katika dawa kali inayoula uso wake na kuacha vilima vidogo visivyoonekana kwa macho, maelfu yakiwa katika nafasi ya ukucha. Nuru inapopiga ubavu wa kilima kimoja, ile isiyoingia huruka ikakutana na ubavu wa kilima cha jirani, na hapo hupata nafasi ya pili ya kuingia. Inayorudi hushuka hadi karibu sehemu moja ya kumi. Kisha juu ya vilima hupakwa utando mwembamba unaopunguza hata hicho kilichobaki, na ndio unaoipa paneli ubuluu wake uliokaribia weusi. Kioo kilicho juu hubadilisha hesabu hii kidogo, lakini hakiigeuzi. Paneli inaonekana nyeusi kwa sababu ile ile ambayo shimo linaonekana jeusi: nuru imeingia na haijatoka.

Ya Honorine haikuwa na vilima wala utando. Ilikuwa vipande laini chini ya kioo cha kawaida cha dirisha, na nyuma yake karatasi iliyoandikwa nguvu ambayo haikuwa nayo. Damascène alikuwa mwangalifu kusema kwamba mng'ao si kosa lake pekee, kwamba vipande vyenyewe navyo ni vya daraja la chini. Lakini mng'ao ndio unaoonekana, na ungetosha kumwonya mtu dukani.

"Hiyo dawa ya kukwaruza," Mukarugwiza aliuliza, "ni ya namna gani?"

"Ya jamii ya maji ya majivu, maman. Ila kali sana, inatoa ngozi."

"Majivu!" Alimgeukia Honorine, akisahau kwamba hawasalimiani. "Umesikia, sha? Sisi tunasugua na majivu kintu iangaze. Babo, watu wa kiwanda, banasugua iache kuangaza."

Honorine hakucheka. Alikuwa akiifikiria ile paneli nyeusi ya dukani, na sauti yake mwenyewe ikikubali. Damascène alisema anayo moja karakanani, nyeusi, imetumika, fremu yake imepinda kona moja, lakini nguvu yake ni ya kweli. Angeileta kesho asubuhi, na Honorine aitumie hadi hii irudishwe Bukavu. Leo haiwezekani. Alipanda pikipiki akaondoka.

Wanawake wawili walibaki kati ya mihogo.

"Maman," Honorine alisema, "sijui kama mayai iko nzima."

Mukarugwiza alichokonoa ardhi kwa fimbo.

"Siku zote hizi joto inaanguka. Naweka chupa za maji. Sijui. Nilikuambia neno mubaya kwa sababu nilikuwa naogopa."

"Muntu mwenye kuku wazima hatembei vile unatembea," Mukarugwiza alisema. "Nilijua tangu ile siku. Nilikuwa nangoja useme."

"Na wengine?"

"Wengine kesho. Kwanza leo." Alikuwa tayari anapanda kwenda kuchukua sufuria yake kubwa. "Kuni zako ni mbichi, moshi wake naumeza kila siku. Mimi niko na kavu."

Usiku huo walibadilishana chupa hadi kulipopambazuka, bila maongezi mengi. Sindano haikutulia, lakini haikuanguka.

Asubuhi ilikuja ya wazi. Damascène alifika na paneli nyeusi imefungwa mgongoni mwake kwa kamba, kama mlango unaotembea. Alikuwa tayari ameweka mguu kwenye ngazi aliposikia Mukarugwiza, aliyekuwa amerudi kwake, akimwita kutoka juu.

"Usiishushe!"

"Maman, jana ulitaka ivunjwe."

"Jana ilikuwa jana. Iache mpaka nikuambie." Kisha kwa Honorine: "Leta mayai. Kwa trei, na blanketi, na chupa ya moto. Haraka, iko inapanda."

Honorine alielewa alipoingia. Mukarugwiza alikuwa amefunga madirisha na kukiangika kitenge mlangoni, pembe zake zimegongomelewa misumari. Sebule ilikuwa giza. Nuru iliyorudishwa na paneli ilikuwa imefika kwenye upindo wa chini wa kitenge, na kupitia tundu la cheche la chini kabisa uzi mmoja ulikuwa ukiingia, mkali kuliko tochi yoyote iliyokuwepo kwenye mteremko ule.

Alipiga magoti. Alitoa yai la kwanza bila kuchagua na kuliziba tundu kwa ganda lake.

Yai liliwaka. Lilikuwa jekundu-manjano tupu, na katikati yake kulikuwa na mduara mwembamba wa damu, kama alama ya kikombe mezani. Hapakuwa na mishipa. Mduara huo humaanisha jambo moja, na Honorine aliyezoea kuku alilijua. Aliligeuza ili aone alama ya mkaa. Jicho la Mukarugwiza lisingeiona alama hiyo katika giza lile.

"Ya nani?" Mukarugwiza aliuliza.

Katika trei mayai yalikuwa mengi na alama zilikuwa nyingi, na angeweza kutaja yoyote. Honorine alilishika yai hilo mkononi. Lilikuwa na joto kama mengine yote.

"Ni yako, maman. Ni msalaba. Limekufa."

Kule chini, kwenye ngazi, Damascène alikohoa. Mukarugwiza alinyoosha mkono, akalipokea yai lake, akaliweka katika kikapu kilichokuwa sakafuni.

"Leta ingine," alisema.

La pili lilikuwa la mwenye duara. Liliwaka, na safari hii nuru haikupita yote. Nusu ya yai ilikuwa kivuli, na kando ya kivuli mishipa ilitawanyika kama vijito vinavyoshuka milimani. Hakuna kilichotikisika. Aliendelea kulishika mbele ya tundu hadi magoti yakamuuma, na alikuwa karibu kuliondoa wakati kivuli kilipojisukuma upande mmoja, mara moja, kwa hasira, kama mtu aliyevutiwa blanketi.

"Liko," alinong'ona.

"Sema kwa nguvu, mimi sioni."

"Liko, maman! Linapiga teke!"

"Mukongomani huyo," Mukarugwiza alisema. "Ananiamsha na kelele. Ingine."

Walikwenda yai kwa yai. Mukarugwiza alipokea na kupanga: yaliyokufa kikapuni, yaliyo hai chini ya blanketi karibu na chupa ya moto. Kikapu kilipata mengi kuliko Honorine alivyoomba. Blanketi lilipata mengi kuliko alivyoogopa. Kwa kila yai la kikapuni Honorine alimtaja mwenye yai kwa sauti, ili kusiwe na la kufichwa, na Mukarugwiza alirudia jina. Angetembea naye nyumba kwa nyumba adhuhuri, alisema, kwa sababu watu humpigia kelele kidogo mtu anayetembea na mzee.

Nuru ilipanda. Tundu la chini lilizima, wakahamia la juu yake, Honorine akainuka kutoka magotini. Kisha wakahamia lingine, karibu na ua la njano la kitenge, akasimama wima. Mayai ya mwisho yalibaki kwenye trei na nuru ilikuwa imefika kwenye tundu la juu kabisa, ambalo hakulifikia. Mukarugwiza alisukuma kigoda kwa mguu, akamshika kiunoni asianguke.

"Nishushe sasa?" Damascène aliita kutoka bondeni. "Jua hilo betri inalitaka!"

"Bado!" Mukarugwiza alijibu, akimwinulia Honorine yai lenye msalaba.